Shule ya Kipupwe katika Musonoi

Ukitoka Lubumbashi kwa barabara kuelekea magharibi, ukapita Likasi, ukaendelea hata umetimiza mwendo wa kilometa 300 hivi, utafika Kolwezi, ambao tangu mwaka 2015 ndio mji mkuu wa jimbo la Lualaba. Mji huu umejengwa juu ya uwanda ulioinuka mita 1,400 na zaidi kuliko bahari. Ndiyo maana katika miezi ya Juni na Julai baridi ya usiku huwatesa hata wenyeji, na asubuhi watoto hutoka nje wamejifunika mashuka. Kando ya mji yapo makambi ya zamani ya wafanyakazi wa migodi. Moja katika hayo ni Musonoi, lenye jina la mto upitao katika nchi ile kwenda kujimwaga katika Lualaba.

Mgeni apitaye kwa haraka ataona nyumba za matofali zilizopangwa safu kwa safu, vumbi jekundu, malori yasiyokoma, na vilima vya udongo vilivyotoka tumboni mwa nchi. Atasema: "Hapa ni mahali pa kazi tu, hapana la kujifunza." Sisi tulikaa pale majuma matatu katika likizo kuu, tukifuata masomo, na twapenda kuwasimulia wasomaji wetu kwa nini mgeni huyo amekosea.

MASOMO YA LIKIZO YALIANZAJE?

Huko Ulaya na Marekani miezi ya Juni hadi Agosti ni wakati wa joto. Vyuo vikuu hufungwa, wanafunzi huenda makwao, na mabweni hubaki matupu. Basi wenye hekima waliona kwamba si vema nyumba za elimu zikae bure wakati watu wa kazi, na hasa walimu, wana nafasi ya kusoma. Mwaka 1874, kando ya ziwa Chautauqua katika jimbo la New York, watu wawili wa madhehebu ya Methodisti, John Heyl Vincent na Lewis Miller, waliwakusanya walimu wa dini wapate mafundisho wakati wa likizo. Mwaka 1888 chuo kikuu cha Oxford huko Uingereza kikafungua milango yake kwa watu wasio wanafunzi wake. Wakatoliki wa Marekani nao hawakubaki nyuma: mwaka 1892 walianza shule yao ya likizo katika mji wa New London, na mwaka uliofuata wakaihamishia karibu na Plattsburgh, kando ya ziwa Champlain.

Twaona, basi, kwamba masomo ya namna hii hayakuanzishwa kwa ajili ya matajiri waliochoka kupumzika. Yalianzishwa kwa ajili ya mwalimu wa kijiji, karani, na mama mwenye kiu ya kujua. Siku hizi yameenea duniani, na katika vyuo kadhaa vya Marekani hata lugha yetu ya Kiswahili hufundishwa katika miezi hiyo.

Katika Kongo elimu ya juu ilichelewa kufika. Mwaka 1952 Thomas Kanza alipoingia chuo kikuu cha Louvain huko Ubelgiji, watu walistaajabu, kwani Mkongo asiye mseminari wala padre hakuwa amezoea kuonekana mahali pale. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 karibu na mji uitwao leo Kinshasa, na kile cha Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, mwaka 1956. Leo Kolwezi yenyewe ina chuo kikuu chake. Nayo likizo yetu kuu huangukia miezi ileile ya Wazungu, ila kwetu si wakati wa joto. Ni kipupwe. Ndiyo maana tuliyaita masomo yetu "shule ya kipupwe", na kila mmoja alikuja na koti lake.

Kikundi chetu kilikuwa na watu kumi na wanane: wanafunzi wa chuo kikuu waliorudi nyumbani, walimu wa shule za msingi na za sekondari, na vijana wachache waliokuwa bado shuleni. Tulikuwa na chumba kimoja cha darasa, ubao mmoja, na mhadhiri mmoja aliyejitolea likizo yake. Asubuhi tulisoma. Alasiri tulitembea mitaani na madaftari yetu, tukitazama na kuuliza. Kila mmoja alipaswa kuandika insha moja juu ya jambo la Musonoi, si juu ya Paris wala Roma.

SOMO LA MAWE

Juma la kwanza tulifundishwa habari za mawe. Watoto wa Musonoi huyajua kwa rangi tangu hawajajua kusoma: jiwe la kijani lina shaba, na jiwe jeusi lina kobalti. Mhadhiri alitueleza sababu yake. Chini sana shaba imeshikamana na kiberiti. Lakini karibu na uso wa nchi, maji ya mvua na hewa vimeibadilisha kwa miaka isiyohesabika, ikawa jiwe la kijani liitwalo malakiti. Kobalti nayo imekuwa jiwe jeusi liitwalo heterojeniti. Zamani sana, kabla ya mgeni yeyote kufika, mafundi wa Katanga waliyeyusha malakiti katika tanuru za udongo, wakaimimina shaba katika kalibu za umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa mali na fedha, na mingine imechimbuliwa makaburini kando ya wafu wao.

Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mali zake katika Kongo zikatwaliwa na serikali mwaka 1967. Katika miaka hiyo Musonoi ilipata sifa ambayo wakazi wake wengi hawaijui. Ndani ya mgodi wake yalionekana madini ambayo wataalamu hawakuwa wameyaona mahali pengine popote duniani, mengi yake yenye urani na seleni pamoja. Yakapewa majina: guilleminite na demesmaekerite mwaka 1965, marthozite mwaka 1969, oosterboschite mwaka 1970, derriksite mwaka 1971. Guilleminite ni ya rangi ya manjano safi. Demesmaekerite ni ya kijani kama chupa. Katika majumba ya makumbusho ya mbali, kando ya vijiwe hivyo, limeandikwa jina la Musonoi.

Mhadhiri aliyaandika majina hayo matano ubaoni, kisha akatuuliza ni ya nani. Guillemin alikuwa mtaalamu wa madini huko Ufaransa. Wale wengine walikuwa wakuu, mainjinia na wataalamu wa mawe waliotumika katika Katanga. Kisha akauliza tena: "Na yule aliyelivunja jiwe kwanza, akaliona linang'aa, akalitoa nje, aliitwa nani?" Darasa likanyamaza.

Hatusemi haya kwa uchungu. Kumtaja mwenye elimu kwa kazi yake ni haki, na bila macho ya wataalamu hao jiwe lingetupwa pamoja na kifusi. Lakini yafaa tujue sheria ya dunia ilivyo: kitu hupata jina la yule aliyekiandika. Asiyeandika, hata mkono wake ukitangulia, jina lake halifiki mbali.

SOMO LA MANENO

Juma la pili tuliyaacha mawe tukaingia katika maneno, na hapa Musonoi ina utajiri mwingine.

Padre Placide Tempels, Mfransisko, alizaliwa Ubelgiji mwaka 1906, akafika Kongo mwaka 1933. Mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kilichapwa kwa Kifaransa katika Elisabethville, nacho kikasomwa na wenye elimu katika nchi nyingi. Mwaka 1953 alitumwa kufanya kazi katika makambi ya migodi karibu na Kolwezi, Ruwe na Musonoi. Mwenyewe alieleza kwamba hapo kwanza alikuja kama mwalimu mwenye majibu yote, kisha akajifunza kuketi na kusikiliza. Aliketi na wachimbaji na wake zao jioni baada ya kazi, wakazungumza juu ya mambo ambayo moyo wa mtu huyatamani. Wakakubaliana juu ya maneno matatu ya Kiswahili cha pale: uzima, uzazi na mapendo. Hivyo ndivyo ilivyoanza Jamaa, ushirika wa mume na mke wanaosafiri pamoja katika imani, wakiitana Baba na Mama. Ushirika huo ulienea Katanga na Kasai.

Padre Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962, akafa mwaka 1977. Baadaye yalitokea mafarakano, vikundi vingine vikapotoka katika mafundisho, na katika miaka ya 1970 maaskofu walilazimika kutoa maonyo na masharti. Historia hiyo ina furaha na machozi, wala si kazi yetu hapa kuihukumu.

Sisi tulitaka kujua jambo moja: katika mazungumzo yale ya jioni, mwalimu alikuwa nani na mwanafunzi nani? Wenye elimu wa Afrika wamelibishania jambo hili kwa nguvu. Fabien Eboussi Boulaga wa Kameruni na Paulin Hountondji wa Benin walimpinga Padre Tempels. Hountondji alishika neno hili: falsafa si kitu kilalacho kimya ndani ya kabila zima, mgeni akaja kukichimba kama madini. Falsafa yataka watu wenye majina, wanaoandika, wanaosomana na kukosoana. Wala Mwafrika hakukosa kuandika mapema. Stefano Kaoze, mwana wa Katanga yetu, aliyepata upadre mwaka 1917 na kuwa padre wa kwanza wa Kongo, alikuwa amekwisha andika juu ya nafsi ya Wabantu akiwa bado mseminari, na maandiko yake yakachapwa Ubelgiji mwaka 1910 na 1911. Ni wangapi katika wanafunzi wetu wanaolijua jina lake?

Baada ya Tempels akaja Johannes Fabian, Mjerumani aliyekuwa akisoma katika chuo kikuu cha Chicago. Miaka ya 1966 na 1967 alikaa Kolwezi akiwasikiliza watu wa Jamaa, na mwaka 1971 kitabu chake kikatoka. Baadaye alifundisha katika Lubumbashi. Mazungumzo mengi aliyoyakusanya Katanga, yeye na wenzake waliyaweka katika intaneti, kwa Kiswahili kilekile cha wasemaji, ili yeyote ayasome bila malipo. Tendo hilo tunalisifu, kwani ni namna ya kurudisha kilichoazimwa.

KATIKA UA WA MZEE

Alasiri moja tulipokelewa na mzee aliyefanya kazi ya mgodi miaka mingi. Aliketi uani pamoja na mkewe, jua la kipupwe likiwaota mgongoni. Baada ya salamu mwanafunzi mmoja akafungua daftari, akauliza: "Baba, neno uzima maana yake ni nini?"

Mzee hakufanya haraka. Akasema: "Mwulize Mama kwanza. Mimi nililijua kwake."

Mama akacheka, akafikiri kidogo, akajibu: "Uzima si afya peke yake, mwanangu. Wako watu wenye afya wasio na uzima. Mwenye uzima, ukiketi naye, unaondoka umeongezeka."

Kalamu zote zikaandika. Mzee akatutazama, kisha akauliza swali ambalo hatukulitazamia: "Mnaandika. Ni vema. Lakini nani atatusomea mlichokiandika?"

Kusema kweli, hakuna aliyekuwa na jibu. Tulikuwa tumefikiri kwamba insha zitakwenda kwa mhadhiri, zipate alama, basi. Jioni ile ratiba ikabadilishwa: siku ya mwisho kila insha isomwe kwa sauti mbele ya wale waliotoa habari, nao wawe na haki ya kusahihisha.

Ndivyo ilivyofanyika. Mzee na Mama walikuja wamevaa nguo za Dominika. Mwanafunzi aliposoma kwamba makao ya wafanyakazi yalijengwa na kampuni, Mzee aliinua mkono akasema: "Kampuni ilileta matofali. Tuliyejenga ni sisi. Andika hivyo." Mahali pengine palikuwa na mwaka usio sawa. Mahali pa tatu Mama aliona neno lake limepambwa mno, akaomba lirudishwe lilivyokuwa. Mwanafunzi alisahihisha palepale. Insha ile imeandikwa chini majina matatu, la kwake na ya wale wazee wawili.

KIJANA ALIYEKOSA SIKU

Isidhaniwe kwamba mambo yote yalikuwa mepesi. Katika nchi ya Kolwezi likizo kuu ni majira ya hatari kwa wanafunzi, kwani wengi huenda kwenye mashimo ya wachimbaji wa mikono kutafuta karo. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali zimetangazwa kuwa bure, lakini sekondari bado yadai fedha. Shimo lisilo na nguzo halina huruma, na kila mwaka wako wanaoingia wasitoke.

Kijana mmoja wa darasa letu alihudhuria siku tatu. Ya nne hakuonekana. Tulipokwenda kwao, mama yake, mjane mwenye watoto watano, alitupokea kwa heshima akasema: "Mwalimu, daftari haliliwi." Kijana alikuwa amekwenda kubeba magunia ya mawe kwenye vibanda vya wanunuzi. Mhadhiri hakumkaripia mama wala mwana. Alisema tu: "Aje siku awezazo, na aandike juu ya kazi yake."

Akaja siku awezazo, mikono ikiwa na malengelenge. Insha yake ilihusu gunia moja la mawe meusi: jinsi linavyopimwa uzito, jinsi mnunuzi anavyolipima kwa mashine kujua kobalti iliyomo ni asilimia ngapi, na jinsi bei inavyotokana na tarakimu ile. Tukafanya hesabu pamoja naye ubaoni. Likaonekana wazi: asilimia ikishuka kutoka 4 hadi 3, mchimbaji amepoteza robo ya kobalti yake kwa hesabu, ingawa gunia halikupungua hata jiwe moja. Wachimbaji wawili waliokuja siku ya mwisho waliomba wanakiliwe hesabu ile. Wakati huohuo, msomaji, kumbuka kwamba Kongo hutoa karibu sehemu saba kati ya kumi za kobalti yote inayochimbwa duniani, na kwamba betri nyingi za simu na motokaa za umeme hutegemea jiwe hilo. Kijana aliyejua kuikokotoa asilimia amejua jambo kubwa kuliko alivyodhani.

Karo yake ya mwaka mpya haijatimia tuandikapo haya. Familia za parokia zimeanza kuchanga. Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba insha njema hulipa ada.

YATUPASAYO KUFANYA

Tumeona, basi, kwamba Musonoi ilikwisha somwa na wengi kabla yetu: wataalamu wa mawe, mapadre, wachunguzi wa desturi. Walifanya kazi yao, na wengi waliifanya kwa moyo safi. Lililobaki ni sisi wenyewe kuisoma. Nao wakati haungoji. Wazee walioketi katika mazungumzo ya miaka ya 1950 wamebaki wachache. Katika Kolwezi mitaa mingine imekwisha anza kubomolewa ili kuipisha migodi, na mtaa ukibomolewa majirani hutawanyika, na habari zao hutawanyika nao.

Wazazi wapendwa, mtoto anapoomba saa mbili za likizo akasome, msimhesabie kuwa ni uvivu. Na kama hapana budi afanye kazi, msimpeleke shimoni. Yako masoko, mashamba na ufundi.

Walimu wenzetu, shule ya kipupwe haihitaji fedha nyingi. Yatosha chumba cha parokia, ubao, madaftari, na mtu mmoja aliyesoma mbele kidogo kuliko wengine. Wekeni sharti moja tu lisilovunjwa: kila kilichoandikwa kisomwe mbele ya aliyekisema, na jina lake liandikwe.

Nanyi wanafunzi, mkumbukeni Bwana wetu alipokuwa na miaka kumi na miwili hekaluni. Mwinjili Luka atuambia alivyoketi kati ya walimu, akisikiliza na kuuliza. Yeye aliye Hekima yenyewe hakuona haya kuuliza. Likizo ijayo mtafuteni mzee mmoja wa mtaani kwenu, mume na mke kama wangali wote wawili, mkaulize juu ya neno moja au kazi moja. Andikeni kama walivyosema. Kisha rudini mkawasomee.